Naombeni ushauri: tovuti yetu bado inawapeleka wageni Ubungo

Habari zenu wakuu. Tuna gesti ndogo Morogoro, na tovuti yetu haijaguswa tangu 2019. Ukurasa wa "Jinsi ya kufika" bado unasema mabasi ya kutoka Dar es Salaam yanapandiwa stendi ya Ubungo, wakati stendi ilishahamia Mbezi Luis mwaka 2021, na treni ya SGR inafika huku tangu Juni 2024. Wiki iliyopita mama mmoja alikwenda Ubungo alfajiri na watoto wawili kwa kutuamini sisi. Imeniuma sana.

Ukurasa huo ndio unaotuletea wageni wengi kutoka Google, naogopa kuufuta. Niuandike upya kwenye anwani ileile, au nitengeneze mpya? Na bei za vyumba mnaziweka, au mgeni apige simu?