Mkopo kwa mama mkulima wa Dodoma: unamkinga na ukame au unamwongezea mzigo?

Mleta mada: Wadau, hoja yangu ni hii: mkopo mdogo wa kilimo, kwa jinsi unavyotolewa na wakopeshaji wengi, haumkingi mama wa Dodoma na ukame. Unamtwika hasara yake. Mvua za huko ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, na katikati hukata wiki mbili, tatu. Mkopo wa mbegu unatoka Novemba, marejesho yanaanza wiki inayofuata, mtama unavunwa Mei au Juni. Miezi yote hiyo analipa kwa kitu gani? Anauza kuku, anauza mbuzi, anakwenda kibarua cha palizi kwa jirani huku shamba lake limejaa magugu.

Mhasibu wa Kikoba: Usichanganye kausha damu, yaani mikopo ya mitaani ya riba kali, na kikoba, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Kikoba kina wanachama 15 hadi 30, kila kikao mtu ananunua hisa 1 hadi 5, sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu. Riba inarudi kwa wenyewe siku ya mgao, wanachama wanapogawana akiba na faida. Tena kuna ile 4% ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa vikundi vya wanawake, haina riba (ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024). Wanaoumia ni wanaosaini bila kuuliza riba inapigwaje. Sh 300,000 kwa miezi sita, 3.5% kwa mwezi: ikipigwa kwenye mkopo wote hadi mwisho, riba ni 63,000. Ikipigwa kwenye salio linalopungua, 36,750. Asilimia ni ile ile!

Mdau wa Kongwa: Hesabu safi, ila kikoba nacho kina pengo. Mmoja akiugua, kikundi kinambeba. Ukame ukipiga, wote wanataka kukopa wiki moja na hakuna wa kurejesha. Jingine: vikundi vingi huvunja sanduku na kugawana Desemba ili watu wapate hela ya sikukuu. Mgao ukisogezwa mwishoni mwa Oktoba, mama ananunua mbegu kwa fedha yake, hakopi.

Afisa Ugani: Mnabishania riba, hamjauliza mkopo unakwenda kufanya nini. Mbegu ya muda mfupi, inayokomaa mapema, kwenye shamba lisiloshika maji ni bahati nasibu. Angalieni mashimo ya Chololo, yaliyobuniwa kijiji cha Chololo hapo hapo Dodoma: upana sm 22, kina sm 30, sm 60 kati ya shimo na shimo, sm 90 kati ya mistari. Ndani weka majivu ya kufukuza mchwa, samadi na mabua, rudisha udongo lakini acha nafasi ya maji kutuama, panda mbegu moja au mbili. Samadi mbichi inaunguza miche. Mistari ikishuka na mteremko badala ya kuukata, maji yanafukua kila kitu.

Sasa piga hesabu: eka moja inataka mashimo kama 7,500. Hapo ndipo mkopo una kazi, kulipa vibarua Agosti hadi Oktoba. Aanze na robo eka. Mashimo yanatumika zaidi ya msimu mmoja, kwa hiyo marejesho yagawanywe kwenye mavuno mawili. Ila kama shamba ni la kukodi, asichimbe: mwenye shamba akiona limenona atalichukua. Kwanza hatimiliki ya kimila, na jina la mama liwemo.

Mleta mada: Kwa mashimo nakubali. Lakini mvua ikigoma kabisa nani analipa? Mkataba useme: mwaka wa ukame, deni linasogea msimu ujao bila faini.

Mhasibu wa Kikoba: Na nani atatangaza ukame? Kila mdaiwa atasema kwake haikunyesha.

Afisa Ugani: Kipimamvua shuleni, kisomwe kila siku saa 3 asubuhi, daftari libandikwe ofisi ya kijiji. Siku 21 mfululizo Januari au Februari bila mvua ya milimita 2, deni linasogea.

Mdau wa Kongwa: Shuleni ikanyesha, kitongoji cha ng'ambo ya korongo kikavu. Vinatakiwa vitatu au vinne, na hapo bado hujasema nani anavinunua.