Mtoto aliyeziba masikio: Hitchcock tunamsamehe, wetu tunawacheka?

Mleta mada: Wakuu, jana usiku nimerudia North by Northwest, sinema ya mwongozaji Alfred Hitchcock ya 1959, na yule mtoto kaniudhi upya. Kwa asiyeijua: tuko mgahawani, Mount Rushmore. Eva Marie Saint anatoa bastola amfyatulie Cary Grant. Nyuma yao kakaa mtoto wa kiume, na kabla bastola haijalia keshatia vidole masikioni. Nadhani mazoezini ule mlio ulishamkera.

Sasa, sinema ya Bongo ikionyesha shati jekundu mlangoni na la bluu sebuleni, tunakata kipande, tunarusha WhatsApp, tunacheka wiki nzima. Hili la Hitchcock tunaliita kionjo. Kwa nini? Yeye alikuwa na studio kubwa ya MGM nyuma yake na nafasi ya kurudia. Wetu wanapiga kwenye nyumba ya kuazima, mwenye nyumba anauliza mnamaliza saa ngapi. Kama kuna wa kubanwa, ni mwenye nacho.

Mkata video: Tulia mkuu. Walter Murch, mhariri wa The Conversation ya 1974, alipanga vigezo vya kukata picha kwa asilimia. Hisia alizipa 51, hadithi 23. Kujua nani kasimama wapi na kitu gani kiko wapi kilipata 4 tu, mwisho kabisa. Tuseme tukio limepigwa mara mbili: teki moja mtoto katulia lakini uso wa mwigizaji umepoa. Nyingine uso unawaka ila mtoto kaziba masikio. Mimi nachukua ya pili, sifikirii mara mbili.

Muuguzi wa zamu: Huyo mtoto hata sikumwona. Iliyoniharibia mimi ni Psycho, ya Hitchcock huyohuyo, 1960. Janet Leigh keshauawa, kamera iko karibu kabisa na jicho lake, na mboni ni ndogo kama ya mtu aliyekaa juani. Taa za studio hizo. Maiti mboni hutanuka jamani, nimewafumba wengi macho. Mume wangu pembeni alikuwa anatetemeka, mimi nikamwambia, "Huyu mzima."

Msomaji wa kona: Tena katika hadithi zile risasi za mgahawani ni bandia, Grant hafi. Labda mtoto ndiye pekee aliyeijua njama 😂

Niliwahi kushika mwendelezo: Mnacheka, ila ile kazi ya kuhakikisha vitu na nguo havibadiliki kati ya teki na teki ni adhabu. Nilikuwa napiga picha kwa simu kila meza kabla ya mapumziko. Siku moja kikombe cha chai kilikuwa nusu. Tukarudi kutoka kula, mtu wa taa keshakinywa. Tukajaza. Kwenye sinema baba anapiga funda, chai inaongezeka.

Mleta mada: Mkata video, asilimia zako nazikubali. Basi hizo 51 mpe na kijana wa Bongo. Shati limebadilika, sawa, lakini mama si analia? Mbona yeye humsamehi?

Mkata video: Mara nyingi mama halii, anakunja uso tu akisubiri "kata". Angelia kweli, shati nisingeliona. Jicho likikosa pa kukaa ndiyo linaanza kuhesabu vifungo.

Mleta mada: Hapo umenibana. Ila yule mtoto, Saint aigize atakavyo, mimi bado namwona.