Kisanduku cha maktaba bila intaneti, vishikwambi au vitabu? Tuna milioni mbili na laki nne, Pemba

BintiKonde (Jumapili, saa 2:10 usiku)
Assalaam alaykum walimu wenzangu. Mie ni mwalimu wa sekondari huku Kaskazini Pemba, na tangu mwaka juzi nimebebeshwa na maktaba. Wanafunzi wetu wa zamani walioko Unguja, na wachache walioko Oman, wamechangishana wakatutumia 2,400,000. Wametaka pesa iende kwenye "kitu cha kisasa". Kamati ya skuli inakaa Alkhamisi na Mwalimu Mkuu kaniambia nije na pendekezo moja tu.

Nnababaika baina ya mambo matatu. Kuna kile kisanduku cha Raspberry Pi, yaani kompyuta ndogo ya ubao mmoja, kinachotoa wifi yake chenyewe, ndani kina Kiwix (ya kusomea Wikipedia) na Kolibri (ya masomo na mazoezi), watoto wanasoma bila intaneti. Kuna vishikwambi, ambavyo kamati itavipenda kwa sababu vinaonekana. Na kuna vitabu, ila hapo itabidi niwape maelezo wachangiaji. Aliyewahi kutumia anambie.

KarafuuKavu (saa 2:24)
Vitabu. Nimemaliza.

Maalim_Wete (saa 2:31)
Waalaykum salaam Mwalimu. Hujasema kitu bado. Wanafunzi wangapi? Umeme upo? Kompyuta mnazo? Simu wanaruhusiwa? Na hicho chumba cha maktaba kina mlango unaofunga au ni kona ya ofisi yenye kabati? Bila hayo tutakupa kila mtu anachokipenda yeye.

FundiMlandege (saa 2:40)
Chukua kisanduku. Pi inakula umeme kidogo sana, volti 5, hata powerbank kubwa inakibeba saa kadhaa. Wikipedia ya Kiingereza nzima na picha zake inapita GB 100, kwa hiyo nunua kadi kubwa ya kumbukumbu. Ya Kiswahili ni ndogo, hata kwenye simu inakaa. Kolibri unachagua chaneli unazozitaka tu: masomo ya Khan Academy, hadithi za African Storybook za Kiswahili kwa wale wadogo. Na mwalimu anaona nani kafanya zoezi gani na kakwama wapi.

Muhimu: ushushe kila kitu Unguja au Chake penye mtandao mzuri, uhamishe kwa diski, upande nayo boti. Usishushe kwa bando la simu. Utalia.

BintiKonde (saa 3:02)
Ahsanteni. Wanafunzi 740 na ushei, kidato cha kwanza mpaka cha nne. Umeme upo. Chumba kipo, kina mlango na kufuli. Vitabu tunavyo kama 600, vingi vya msaada, vya Kiingereza, vizuri ila mtoto wa kwetu atasoma nini kuhusu theluji na sungura wa Uingereza.

BiSalama_Mkoani (saa 3:35)
Mwanangu, kabla hujakiendea hicho kisanduku nikuhadithie.

Skuli niliyokuwa nikisomesha, siitaji jina, walimu wake ni watu wazuri, tuliletewa kisanduku kama hicho na wageni. Siku ya kukabidhiwa palipikwa, pakapigwa picha, wazazi wakaitwa. Kijana aliyekifunga alikaa siku mbili, akatufundisha vizuri, akaandika nywila kwenye karatasi akampa mwalimu wa kompyuta.

Na nisiseme uongo, miezi mitatu ya mwanzo kilikuwa kitamu. Kulikuwa na zile programu za PhET, za Chuo Kikuu cha Colorado, unaunganisha betri na waya na taa pale pale kwenye kioo. Kidato cha pili walikuwa wakiunganisha waya vibaya makusudi ili waone betri inashika moto. Maabara yetu haikuwa hata na waya wa shaba, lakini mada ya umeme mwaka ule waliijua. Wakishindana nani ataunguza mwanzo!

Halafu mwalimu wa kompyuta akahamishiwa Unguja. Akaondoka na karatasi yake, si kwa ubaya, alisahau tu mfukoni. Ikaja Ramadhani, umeme unakatika na kurudi, unakatika na kurudi, na kile kitu kikiwaka chenyewe kila unaporudi. Siku moja taa nyekundu ipo, ya kijani haiwaki. Tukampigia yule mwalimu, akasema kadi imeharibika, iandikeni upya. Tuiandike kwa lipi? Faili kubwa namna ile, na sisi mtandao tunaupata kwa kusogea mpaka kwenye mkarafuu nyuma ya choo.

Mkuu akakifungia kabatini kisije kikaibiwa. Kwenye daftari la mali kimeandikwa "kizima". Mwaka uliofuata nikafungua kabati natafuta chaki, nikakuta sisimizi wamehamia ndani, na mayai yao meupe kama mchele. Mkaguzi alipokuja tukakipangusa vumbi, tukakiweka mezani. Akaandika kwamba skuli ina maktaba ya kidijitali.

KarafuuKavu (saa 3:41)
Hahaha. Kitabu sisimizi hawazai ndani yake.

ChakiVumbi (saa 3:44)
Mchwa je? Kwetu walikula kabati zima la Jiografia, walibakisha majalada tu. Unashika kitabu unaona kizito, kumbe ni udongo.

FundiMlandege (saa 3:58)
Bi Salama pole, lakini kosa si la kisanduku. Kadi ziwe mbili, ya pili iandikwe siku hiyo hiyo iwekwe kwenye bahasha. Nywila iandikwe kwenye daftari la maktaba, si karatasi ya mfukoni. Na kizimwe kabla ya kuchomoa. Kadi ndogo zile hazipendi umeme kukatika wakati zinaandika.

Maalim_Wete (saa 4:05)
Fundi, umeme wa Pemba unaujua wewe? Huku tunategemea waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, na ulipokuja tulishukuru, kabla yake yalikuwa majenereta ya Wesha. Lakini kijijini mvua ikipiga, nguzo ikilala, hamna wa kukizima kisanduku kwa adabu.

Mie nashauri laptopu iliyotumika. Betri yake ni kinga tosha: umeme ukikatika yenyewe haina habari. Kolibri na Kiwix zote zinaingia kwenye laptopu ya kawaida, unaongeza ruta ndogo ya kugawa wifi, imekuwa hicho hicho kisanduku. Na ikiharibika, fundi wa laptopu yupo Wete, yupo Chake. Fundi wa Pi yupo wapi?

FundiMlandege (saa 4:09)
Nipo mimi.

Maalim_Wete (saa 4:10)
Wewe uko Mlandege, Unguja, ndugu yangu. Kuna bahari hapo kati.

Mkutubi_Mstaafu (Jumatatu, saa 1:20 asubuhi)
Nimesoma yote. Nimefanya kazi za maktaba miaka mingi, nikaanzia Maktaba Kuu pale Maisara. Suala langu ni moja: hivyo vitabu 600 vimesajiliwa? Viko kwa utaratibu gani? Maana mtu asiyejua alichonacho hawezi kujua anachokosa.

BintiKonde (saa 1:48)
Bi Mkutubi, vimesajiliwa kwenye daftari, mpaka namba 412. Vilivyobaki viko maboksini. Namba za Dewey, zile za kupanga vitabu kwa mada, nilizianza nikaziacha.

ChakiVumbi (saa 1:55)
Achana na Dewey. Mie nimebandika utepe wa rangi: kijani sayansi, nyekundu hadithi, buluu dini. Mtoto anarudisha mwenyewe mahali pake.

Mkutubi_Mstaafu (saa 2:12)
Rangi zinafaa kwa vitabu mia mbili. Vikifika elfu utapata rangi wapi?

ChakiVumbi (saa 2:15)
Bibi, kwa Dewey vitabu vyetu vya dini vyote vinarundikana 297. Mia mbili karibu nzima kapewa Mkristo, Uislamu umebanwa kwenye namba moja. Maktaba ya skuli ya Zanzibar rafu ya 297 inafika dirishani na 220 mpaka 280 ni mbao tupu.

Mkutubi_Mstaafu (saa 2:26)
Hilo ni kweli na si wewe wa mwanzo kulalamika. Dawa yake ni desimali baada ya 297. Qur'ani na tafsiri yake mbali, fiqhi mbali, sira mbali. Na fasihi ya Kiswahili iko 896, usiichanganye na 820 ya Waingereza kwa sababu tu imekaa boksi moja.

KarafuuKavu (saa 2:30)
Si aweke KOHA basi. Ni programu ya maktaba ya bure, ilianzia New Zealand, na jina lenyewe kwa Kimaori maana yake zawadi.

Mkutubi_Mstaafu (saa 2:41)
KOHA kwa vitabu 600 ni kukodi lori kubeba mkungu wa ndizi. Daftari lenye mistari, kalamu nyekundu kwa waliochelewa. Basi.

Maalim_Wete (saa 7:15 mchana)
Turudi kwenye mada. BintiKonde, hukujibu mawili: kompyuta na simu.

BintiKonde (saa 10:30 jioni)
Samahani, nilikuwa na vipindi. Kompyuta tunazo mbili, moja haina kibodi. Simu wanafunzi hawaruhusiwi, zikionekana zinachukuliwa mpaka mzazi aje. Na umeme… upo ofisini. Maktabani waya umefika lakini soketi hazijafungwa.

Maalim_Wete (saa 10:38)
Allah akbar. Sasa hicho kisanduku kitamtolea nani wifi? Majini?

FundiMlandege (saa 10:50)
Hapo mwenyewe nasalimu amri nusu. Kisanduku bila vifaa vya kusomea ni redio bila masikio. Ila sikiliza: vile vishikwambi vya sensa ya 2022 walimu walivyogaiwa, hapo skuli vipo vingapi? Hata sita vinatosha kuanzia. Pesa mnunue laptopu ya Maalim, ruta, na soketi. Vishikwambi vipya msinunue. Vya bei ya pesa hiyo betri zake hazimalizi mwaka, na watoto 740 kwa vishikwambi saba mtafanya nini?

BintiKonde (saa 11:05)
Vipo vinne vizima. Kimoja mwalimu anasema kiko kwa mwanawe Unguja.

ChakiVumbi (saa 11:20)
Maktaba yangu ya kweli ni kundi la WhatsApp la walimu wa somo letu. Maazimio ya kazi, majaribio, vitabu vya PDF, vyote humo. Mitihani iliyopita ya NECTA ya kidato cha nne naishusha tovuti ya Maktaba TETEA bure. Taasisi ya Elimu Tanzania nao wana maktaba yao mtandaoni, vitabu vya kiada viko humo. Nunueni printa na katoni za karatasi, mtoto apewe karatasi mkononi. Vitabu vyenyewe unavitoa kopi stesheneri.

Mkutubi_Mstaafu (saa 11:34)
Kutoa kopi kitabu kizima cha kuuzwa ni kosa. Sheria ya hakimiliki ya Zanzibar ipo tangu 2003 na COSOZA, wanaoisimamia, wapo.

ChakiVumbi (saa 11:36)
COSOZA waje watusomeshee basi, kitabu kimoja cha Fizikia wanafunzi kumi na wawili.

Mkutubi_Mstaafu (saa 11:52)
Mwandishi wa hicho kitabu naye pengine ni mwalimu kama wewe, ana watoto. Karatasi za mitihani kachapishe, sina neno. Kitabu cha mtu nunua.

KarafuuKavu (saa 12:01)
Ndiyo nilichosema tangu jana saa mbili na dakika ishirini na nne.

BiSalama_Mkoani (saa 2:20 usiku)
Mie nina swali ambalo hamna aliyeuliza. Mwanangu, vipindi vingapi unasomesha kwa wiki?

BintiKonde (saa 2:33)
26, Kiswahili na Historia. Maktaba naifungua mapumziko tu, dakika ishirini, na hapo mimi mwenyewe sijanywa chai. Hakuna kipindi hata kimoja nilichopunguziwa. Posho ya maktaba ndiyo kabisa, nikiuliza nacheka mwenyewe. Na funguo naondoka nayo nyumbani kwa sababu mwaka jana alipokaa nayo mwalimu mwengine kamusi mbili zilipotea.

BiSalama_Mkoani (saa 2:41)
Basi Alkhamisi, kabla hujasema laptopu wala kitabu, dai upunguziwe vipindi sita. Ndio wakati wenyewe huo, pesa ikiwa mezani. Wakishaitumia hawatakusikiliza tena.

Maalim_Wete (saa 2:50)
Naunga mkono. Mwengine: chagua watoto wanne wa kidato cha tatu wawe wasaidizi, uwape zamu. Wao hawahamishwi kama walimu. Na ukipata nafasi pita kituo cha walimu hapo Mitiulaya au Wingwi, ujionee walivyopanga vyao, bora kuliko kutusikiliza sisi.

FundiMlandege (saa 3:04)
Laptopu, ruta, soketi nne, diski ya akiba. Hesabu yangu haifiki 1,200,000. Inayobaki vitabu, KarafuuKavu naye alale.

KarafuuKavu (saa 3:06)
Nusu tu?

Mkutubi_Mstaafu (saa 3:15)
Na rafu! Maboksi yakiendelea kukaa sakafuni na mvua hizi, vitabu vipya vitaungana na vya ChakiVumbi.

BintiKonde (Jumanne, saa 12:40 asubuhi)
Ahsanteni nyote. Sijui kama kamati itakubali nusu kwa nusu, mwenyekiti ameshawaambia watu vinakuja vishikwambi, na mmoja wa wachangiaji kaomba picha ya watoto wameshika "kitu". Nitajaribu kwanza suala la vipindi kama Bi Salama alivyosema, halafu nione upepo. Kesho nikimaliza kipindi cha tatu nitapita Mitiulaya, gari zikiwepo.

BiSalama_Mkoani (saa 1:02)
Kila la heri mwanangu. Fundi, na kile chetu cha sisimizi bado kipo kabatini. Ukipata kadi mpya kinaweza kuamka?

FundiMlandege (saa 1:10)
Kinaweza sana. Nipe namba iliyoandikwa juu ya ubao wake, nijue ni toleo gani. Sisimizi watoe kwa brashi kavu ya meno, usipulize dawa.

BiSalama_Mkoani (saa 1:14)
Ufunguo wa kabati anao mkuu, na mkuu yuko Unguja kwenye mkutano. Nitakwambia akirudi.