Naomba ushauri: mume wangu asaini utafiti wa maveterani Marekani?

Habari zenu wadau. Mume wangu alitumikia jeshi la Marekani, Iraki alifika. Sasa kaalikwa kwenye Million Veteran Program, utafiti wa Idara ya Maveterani ulioanza 2011 na kufikisha washiriki milioni moja mwaka 2023. Anajaza dodoso, anatoa damu wapime vinasaba, halafu anawaruhusu kufuatilia faili lake la matibabu kwa miaka. Ni hiari, na akikataa matibabu yake hayaguswi. Hapo sina neno.

Wasiwasi wangu ni bima. Sheria ya 2008 inakataza bima ya afya na waajiri kumbagua mtu kwa vinasaba vyake, lakini bima ya maisha haimo. Na vinasaba vya baba si ndivyo vya wanangu? Yeye anasema wenzake waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka kambini wanakohoa mpaka leo, bila takwimu za miaka mingi nani atawasikiliza? Ana hoja, sikatai.

Mlioshiriki, au wazazi wenu, mliuliza nini kabla ya kusaini? Na mtu akijitoa baadaye, damu yake wanaifanyaje?