Ukoo wa Kuze (Kent na kwengineko): tiketi za tarehe 9

*Jumatano, Julai 30, 2025*

Mwanaisha 18:02
Asalaam aleikum watu wangu. Nakumbusha kwa mara ya tatu. Tiketi za siku ya Ichiro wa Mariners, timu yetu ya besiboli ya Seattle, Jumamosi Agosti 9. Nimewekewa viti 16 mpaka KESHO saa kumi na moja jioni, baada ya hapo vinauzwa kwa wengine. Dola 46 kila kichwa, watoto bei ileile. Waliolipa mpaka sasa ni mimi na Idi, Shangazi Rukia, Hamadi na mkewe. Watano. Kikundi kina watu 23.

Mwanaisha 18:03
Namba yake 51 inastaafishwa. Juzi tu Jumapili kaingizwa Cooperstown, jumba la magwiji wa besiboli, kura 393 kati ya 394. Ichiro huyu ndiye tuliyejifunzia mchezo. Hii haiji tena jamani.

Hamadi 18:21
Waaleikum salaam. Mimi tayari. Sasa Naylor keshakuja, besi ya kwanza imetulia. Besi ya tatu je? Dirisha la kubadilishana wachezaji lafungwa kesho saa tisa alasiri.

Mwanaisha 18:22
Hamadi, tiketi kwanza.

Hamadi 18:22
Nshalipa mimi. Nina haki ya kuuliza.

Zainabu Minneapolis 18:40
Nyinyi mna raha ya kuuliza. Huku kwetu timu yetu Twins wamemtoa Durán leo, kaenda Philadelphia. Mrushaji wa kufunga mechi, mpira wake wapita maili 100, mtu anatoa hivihivi! Na nasikia hawajamaliza.

Said Mombasa 18:47
Durán si kaenda Fenerbahçe?

Zainabu Minneapolis 18:48
Said huyo ni mwengine 😂😂

Kassim 18:49
Said, Durán wa Uturuki apiga mpira kwa mguu. Huyu wetu aurusha.

Said Mombasa 18:50
Basi huyo wenu ni golikipa.

Hamadi 18:51
😂😂😂 golikipa wa maili 100

Mwanaisha 18:55
Said, huko kwenu ni alfajiri, nenda kaswali. Kassim nimekuona uko hapa. Hela?

Kassim 18:56
🎤 sauti 3:48

Mwanaisha 18:57
Kassim sisikilizi sauti ya dakika nne. Andika. Utakuja au hutokuja?

Hamadi 21:24
AMERUDI

Hamadi 21:24
SUÁREZ AMERUDI WALLAHI. Arizona wamekubali. Geno anarudi nyumbani!!!

Mama Swafiya 21:26
Allahu akbar. Kweli?

Kassim 21:27
Kwa nani? Msishangilie kabla hamjaona tulichotoa.

Hamadi 21:29
Locklear, Burgos na Cranton. Basi! Mpigaji mmoja wa Tacoma, timu yetu ndogo, na warushaji wawili. Mtu ana homurani 36, mipira ya kutoka nje ya uwanja, na msimu haujaisha. Mwezi wa nne kawapiga Atlanta nne katika mechi moja. NNE.

Idi 21:31
Locklear??

Idi 21:33
📷 picha
Hii ndiyo karatasi yangu ya kuandikia mechi, ya Cheney Stadium kule Tacoma. Mama, tulimuona Mei.

Mwanaisha 21:35
Namuona mwanangu. Tuliikunja ikaingia mafuta ya viazi, lakini mstari wake bado wasomeka. Nambari zote umeandika kwa mkono wako. Iweke vizuri.

Kassim 21:38
Ndiyo maana nasema. Locklear ni kijana. Suárez ana miaka 34, mkataba wake waisha mwisho wa msimu. Tumekodi mtu wa miezi miwili. Na mwaka 2023 alikuwa wetu, akatolewa kwa straiki auti, kukosa mpira mara tatu, zaidi ya mara 200, ofisi ikamtoa kwa bei ya mchicha. Leo twamfuata tena?

Hamadi 21:40
Waliomtoa 2023 ndio wenye kosa, si yeye. Alitolewa kwa Zavala na Vargas. Zavala yuko wapi leo?

Kassim 21:40
Vargas yupo bado.

Hamadi 21:41
Na Williamson wa besi ya tatu? Mikono yake mizuri, siseme, kila mpira adaka. Lakini fimbo! Homurani moja tangu aje. Cal Raleigh peke yake alikuwa na 38 kabla ya mapumziko. Raleigh apiga, nyuma yake hakuna wa kumlinda, warushaji wanamkwepa tu. Sasa wamkwepe wakutane na Naylor, wamkwepe Naylor wakutane na Suárez.

Shangazi Rukia 21:46
Lakini huyo Suárez si alipigwa na mpira mkononi Jumatatu? Niliona akijishika kidole.

Hamadi 21:47
Picha zimetoka Shangazi, mfupa haukuvunjika.

Shangazi Rukia 21:48
Alhamdulillahi. Ana uso wa kheri yule mtoto.

Mwanaisha 21:50
Nami nimefurahi, nimelia kidogo jikoni. Mradi Emerson, chipukizi wetu, hakuguswa. Colt Emerson akitolewa mimi na timu hii tungeandikiana talaka. Sasa TIKETI. Viti 16, majina matano. Kassim?

Kassim 21:52
Mimi nitaleta gari. Nachukua watu sita kutoka Kent, mafuta juu yangu. Hiyo nayo ni pesa.

Mwanaisha 21:53
Gari lipi? Lile uliloondoka nalo inningi ya 15?

Kassim 21:58
*Ujumbe huu umefutwa*

Kassim 22:01
Nilikuwa na zamu. Nimesema mara ngapi. Mechi ya inningi 18 nani aliitegemea? Saa sita na dakika ishirini na kitu!

Mwanaisha 22:03
Mechi ya kwanza ya mtoano nyumbani baada ya miaka 21. Moshi wa moto wa msituni umejaa mji, Idi ana miaka kumi, analia njaa, na funguo za gari uko nazo wewe. Peña wa Houston akipiga ile homurani nilikuwa nimesimama peke yangu. Hata kulia na wenzangu sikupata.

Mama Swafiya 22:04
Haya jamani, usiku huu.

Hamadi 22:06
Tuyaache. Geno karudi, tulale na furaha.

*Alhamisi, Julai 31, 2025*

Ami Athmani 05:52
Asalaam aleikum wanangu. Nimesoma yote baada ya swala.
Tarehe kama ya leo mwaka 1997 nilikuwa nafagia Kingdome, uwanja wetu wa zamani. Miaka mitatu nyuma yake ndipo yalipoanguka yale mapande ya dari, na mimi nilikuwa mgeni, nikadhani Marekani yote yaanguka. Siku hiyo ya 1997 tulimtoa Lowe na Varitek, vijana wetu wote wawili, tukapewa mrushaji Slocumb. Mwaka 2004 wale wawili wakabeba kombe na Boston. Mwaka 1998, tarehe hiyohiyo, tukamtoa Randy Johnson. Mimi Julai 31 huwa sifungui redio mpaka jua litue.
Jana ni mbali na hayo. Emerson yupo. Montes yupo. Yule kijana arushaye kwa mikono yote miwili yupo. Locklear alikuwa ashazibiwa njia na Naylor, huko aendako atacheza. Idi usisikitike. Suárez ni mtu mzima na aijua nyumba anayorudi. Kassim, timu hii imeanza 1977 na haijatia mguu Fainali Kuu hata siku moja. Wa kukodi wakitufikisha, na waje.
La pili. Mwanaisha, nimeiona picha ya viti. Ni vya juu, 300 na kitu. Magoti yangu hayapandi ngazi tangu Ramadhani. Nendeni nyinyi. Mimi nitatazama nyumbani. Msigombane.

Mwanaisha 07:40
Ami.

Mwanaisha 07:44
Ami shikamoo. Sikuuliza. Nilitafuta bei tu, sikukumbuka ngazi. Nisamehe.

Shangazi Rukia 08:15
Mimi nilijua. Alinikataza nisiseme. Hata dukani siku hizi ashuka kwenye gari kwa kushika mlango.

Hamadi 09:30
Mwaka 2001 yeye ndiye aliyetupeleka sote. Viti vya juu kabisa, na mimi alinipandisha mabegani ngazi zote zile, ili nimuone Ichiro akikimbilia besi ya kwanza. Tulishinda mechi 116 mwaka ule. Nami sikumuuliza magoti yake.

Mwanaisha 11:05
Haya nisikilizeni. Nimepiga simu. Kwa viti vya chini, ghorofa ya 100, kuna tisa vya pamoja, kwa ngazi sita tu kutoka kwenye njia. Dola 98. Saba waliobaki watakaa juu kwa 46 ileile. Lazima nithibitishe kabla ya saa kumi na moja. Ami akae chini, hilo halina mjadala. Nani wengine chini, nani juu?

Mwanaisha 12:20
Naona mmesoma watu 19.

Fatma Tukwila 12:48
Ndo nimetoka kazini. Mimi na Bashiri tuko juu, natuma sasa hivi. Kwa gari msihangaike, Ami tumpakie treni Tukwila, kituo kina lifti, ashuke kituo cha Stadium.

Mwanaisha 12:50
Kutoka kituoni mpaka mlangoni ni mwendo Fatma, na siku hiyo watu watakuwa kama sikukuu ya Idi kule Kibokoni.

Kassim 13:02
Nitampeleka mimi mpaka mlangoni.

Mwanaisha 13:03
Na kumrudisha?

Kassim 13:04
Na kumrudisha. Hata ikifika inningi 30.

Zainabu Minneapolis 14:33
CORREA ANARUDI HOUSTON

Hamadi 14:34
Nini???

Zainabu Minneapolis 14:34
Twins wamemrudisha Houston na pesa juu. Kumekuwa gulio huku kwetu. Kila nikifungua simu ametoka mmoja. Nimekaa kwenye gari nje ya kazi, sijui nilie au nicheke.

Hamadi 14:36
Houston wako juu yetu na wazidi kuongeza. Ya Rabbi. Ndiyo maana Suárez alikuwa lazima, Kassim umeona sasa?

Kassim 14:37
Nimeona. Lakini hatujaongeza mrushaji zaidi ya Ferguson. Mwezi wa kumi nani atarusha inningi ya saba?

Hamadi 14:38
Zimebaki dakika 22, tusubiri.

Mwanaisha 14:39
VITI

Said Mombasa 14:41
Huku saa saba usiku kasoro, mmeniamsha. Huyo Correa ndiye yule aliyekuwa Atlético Madrid?

Zainabu Minneapolis 14:42
Said siku ukija Marekani nitakupeleka mwenyewe uwanjani 😂

Hamadi 15:03
Dirisha limefungwa. Hatukuongeza mrushaji mwengine. Lakini chipukizi wakubwa wote wamebaki nyumbani. Mimi nimeridhika.

Kassim 15:10
Nimetuma. Mwanaisha angalia.

Mwanaisha 15:24
Nimeona. 144. Hiyo ni 98 na 46. Wewe na nani?

Kassim 15:25
98 ya Ami. Mimi nakaa juu.

Mwanaisha 15:40
Haya.

Mwanaisha 15:41
Asante.

Mwanaisha 16:05
Chini mpaka sasa: Ami (kalipiwa), Shangazi Rukia, mimi, Idi, Mama Swafiya na wanawe wawili. Shangazi, ya kwako naongeza mimi. Mama Swafiya umesema utakuja lakini pesa sijaona. Juu: Kassim, Hamadi na mkewe, Fatma, Bashiri. Bado viti viwili chini na viwili juu. Na Ami hajasema kitu tangu alfajiri. Ami, utakuja?

Mama Swafiya 16:20
Niko foleni, nikifika nyumbani natuma.

Idi 16:31
Babu, nikuletee karatasi ngapi za kuandikia mechi?

Ami Athmani 16:44
Mbili. Moja yako moja yangu. Na penseli uichonge nyumbani, pale uwanjani huwezi.

Mwanaisha 16:46
Ami, hiyo ni ndiyo?

Ami Athmani 16:49
Inshallah mwanangu. Tuone magoti.

Mwanaisha 16:50
Ami mtu wa tiketi niko naye kwenye simu sasa hivi, ataka jina la kila kiti.

Mwanaisha 16:53
Nimeandika Athmani. Mama Swafiya umefika nyumbani?