Kuzoeana na wanakijiji wa Norway: nianzie wapi?

Binti Pangani anauliza:
Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi ni muuguzi wa nyumba ya wazee, na tangu Agosti naishi na mume wangu na watoto wetu wawili katika kijiji kidogo kando ya fiodi (mkono mwembamba wa bahari uingiao kati ya milima), magharibi mwa Norway. Watu wa hapa hujitegemea kwa kila jambo: wanapasua kuni zao, wanavua, wanafuga kondoo na kujaza friza kabla ya majira ya baridi. Hawana ubaya, lakini hadi leo hakuna aliyepiga hodi kwetu. Nilimpelekea jirani sahani ya maandazi. Aliipokea mlangoni, akashukuru, na kesho yake akairudisha imeoshwa, ikiwa tupu. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, kwa hiyo nililala na simanzi. Je, nimekosea wapi?

Mzee wa Uvira anajibu:
Dada, hukukosea. Wenyeji wengi wa huku huona kwamba kumwendea mtu bila ahadi ni kumsumbua, basi wanakaa mbali kwa heshima. Mahali pa kukutana nao ni dugnad, yaani kazi ya pamoja isiyo na malipo, ambayo ninyi mnaiita msaragambo na sisi Wakongo tunaiita salongo. Mwaka wangu wa kwanza, nikiwa nimetoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, niliona tangazo lake nikadhani linawahusu wenyeji tu. Sikwenda, na baadaye nikafahamu kuwa kukosekana kwangu kulionekana. Mwaka uliofuata nilikwenda, nikapangwa na mzee mmoja kupanga kuni za ukumbi wa kijiji. Kwa saa nzima hakusema neno. Kisha aliinua gogo nililoliweka, akaligeuza gome likatazama juu, akavua glavu zake akanipa. Januari, kabla hakujapambazuka, mzee huyohuyo aliondoa theluji mlangoni pangu kwa trekta bila kuombwa. Fedha alizikataa kwa hasira, lakini nilipompelekea sambusa alinikaribisha ndani.

Jirani wa Nordland anajibu:
Nakubaliana na mzee, ila lugha usiisahau: Kinorwe kina namna mbili za kuandikwa, bokmål na nynorsk; darasani wengi hufundishwa bokmål, na huko magharibi utakuta nynorsk na lahaja, kwa hiyo waombe warudie polepole badala ya kukimbilia Kiingereza. Tena, sheria ya mwaka 1957 inamruhusu kila mtu kutembea porini na kuchuma matunda, lakini huku kaskazini mwenye ardhi anaweza kukataza kuchuma multe, yale matunda madogo ya rangi ya chungwa yanayoota kwenye vinamasi. Popote ulipo, usimwulize mtu anakochuma. Hiyo ni siri ya familia.

Binti Pangani:
Nawashukuru sana. Leo nimeliona tangazo dukani: Jumamosi, saa nne asubuhi, kupaka rangi ukumbi. Je, brashi hutolewa, au kila mtu huenda na yake?

Mzee wa Uvira:
Kwetu hutolewa. Nenda na glavu, na yale maandazi uyaweke mezani pamoja na keki za wenzako.