Gredi ya 2: Kiswahili wanasoma, Kiingereza wanasema "ti-me" na "bagi". Nianzie wapi?

ChakiLikoni
Salaam walimu. Nina Gredi ya 2, watoto 58, kipindi dakika 30. Kiswahili wengi wanasoma bila kubabaika. Kwenye Kiingereza, time inakuwa "ti-me", name "na-me", bag "bagi". Wengine wanaporomosha ukurasa mzima, lakini ukiwaonyesha neno moja la katikati hawalijui. Nianzie wapi?

Bi_Ubao
Wapime kwanza, mmoja mmoja. Kusoma kwa pamoja kunaficha mengi. Dakika 1 hadithi fupi ya Kiswahili, dakika 1 ya Kiingereza, hesabu maneno aliyoyasoma sawasawa. Vigezo vya Tusome, ule mpango wa kusoma wa madarasa ya chini Kenya, ni maneno 45 kwa dakika kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza. Usishangae Kiswahili kuwa chini, maneno yake ni marefu. Anayebabaika kote kuwili tatizo lake si Kiingereza, hajajua kusoma. Mrudishe kwenye silabi za Kiswahili. Wale wa kukariri, waandikie sentensi ile ile ubaoni, pangua maneno, waanze kusoma kutoka neno la mwisho.

SautiKwanza
Hiyo "bagi" ina sababu mbili. Silabi za Kiswahili karibu zote huishia kwa irabu, basi mtoto anamalizia alivyozoea. Sababu ya pili ni sisi walimu. Tukitaja sauti ya b tunasema "ba", ya t "ta". Mtoto akiunganisha tulichompa ili asome bat anapata "ba-a-ta", na kosa si lake! Sauti za t, p na k zinong'one tu, koo lisitetemeke. Za b, d na g huwezi kuzivua irabu kabisa, zifupishe. Anza na maneno yenye sauti zinazovutika: man, sun, fan. Vuta mmmaaannn kwa pumzi moja, usikate kati ya herufi. Tap na kit zije baadaye.

Sauti alizonazo mtoto wa Pwani usimfundishe kama ngeni. This ni dh ya dhahabu, think ni th ya thelathini, mwisho wa sing ni ng' ya ng'ombe. Muda wako uweke kwenye irabu. Kiswahili kina irabu 5, kila moja na sauti yake. Kiingereza kwa herufi hizo hizo 5 kinabeba sauti kama 20.

Ile e ya kimya usiiguse kabla hawajamudu maneno ya herufi 3. Kata ukanda wa karatasi ya manila, andika tap, acha mkia wa kukunja wenye e. Ukikunjwa ni tap, ukifunguliwa ni tape. Kisha kit na kite, hop na hope, cub na cube. Maliza a kwanza ndipo uende i. Have, give na come hazifuati kanuni, zifundishe nzima nzima kwa kadi.

MjiWaKale
Sawa, lakini cat, cut na cart vinywani mwa wengi wetu ni neno moja. Mwalimu atafundishaje tofauti asiyoitamka mwenyewe?

SautiKwanza
Usile wiki nzima kwa hilo, ndugu yangu. Kwenye imla usitaje neno pekee yake, litie kwenye sentensi: The cat is fat. Cut the rope. Maana itawaamulia. Ship na sheep vivyo hivyo.

Bi_Ubao
Vifaa visikusumbue. Vifuniko vya soda na kalamu ya wino usiofutika vinatosha. Makundi 12, kila kundi vifuniko 33: irabu mbili mbili, konsonanti moja moja, ongeza s na t. Herufi ndogo tu. Piga mstari chini ya kila herufi, la sivyo kifuniko kikizunguka u inakuwa n na d inakuwa p. Kadi za manila zinajikunja kwa unyevu wetu huu, zigandishe kwenye maboksi ya biskuti. Jambo jingine: wanaosoma chuo (madrasa) wamezoea kuanzia kulia, kwa hiyo mwanzoni weka nukta kushoto mwa kila mstari.

ChakiLikoni
Shukran sana. Na dakika 30 nizigawe vipi?

Bi_Ubao
Sauti dakika 5, kuunda maneno kwa vifuniko 10, kusoma sentensi wawili wawili 10, imla ya maneno 4 dakika 5. Madaftari yote 58 kwa siku usijaribu kusahihisha. Kusanya ya makundi 3, siku ya nne utakuwa umewazunguka wote.